Sikio la Tembo Huko Molo

Usiku mmoja tu nilisahau.
Nilikuwa nimepiga deki sebuleni,
nikautoa mkebe barazani hadi sakafu ikauke,
nikala, nikasikiliza taarifa ya saa tatu,
nikalala na soksi mbili mbili kama watu wa huku.

Asubuhi sakitu imelala juu ya nyasi
mfano wa unga uliomwagwa na mtu mwenye hasira,
na yale masikio matano ya tembo
ambayo Shangazi Achola aliyapakata mapajani kutoka Kibuye
yamelegea, meusi, yanatoa maji
kama sukuma iliyochemshwa ikasahauliwa.

Sikupiga kelele. Nani hulilia jani?
Nilisimama tu, mswaki mdomoni.

Kwanza nikawaza jiko.
Makaa yalikuwa yameshika, chai inatokota,
nikausogeza mkebe karibu na moto
kama umsogezavyo mgeni aliyenyeshewa.
Tabutany, jirani, alikuja kuazima kiberiti.
Hata hodi hakumaliza:
"Toa hapo! Aliyeumwa na baridi
hapelekwi kwa moto akaumwe mara ya pili."
Yeye hulima pareto; sakitu anaijua kwa hasara.

Basi tukauweka juu ya kiti, dirisha la mashariki,
pazia nusu, jua lipite kwa adabu.
Nikashika kisu nikate meusi yote.
Akaninyang'anya kisu.
"Yaliyokuwa uji, hayo ondoa.
Hili lenye ukingo mweusi na moyo wa kijani
liache. Bado linafanya kazi, hata kama lina aibu."
Na maji? Kidogo.
Na mbolea? Akanitazama.
"Mgonjwa wako humpa nyama choma?"

Kisha akakwaruza shina kwa ukucha,
pale chini, karibu na udongo.
Tukainama wote wawili, vichwa vikagongana.
Kijani. Uzi tu wa kijani, unang'aa kama mate.
"Kumbe," akasema,
akachukua kiberiti akaenda zake.

Jumapili shangazi akapiga simu.
"Mtoto wangu wa mkebe hajambo?"
Nikasema hajambo, ananenepa.
Jumapili ya pili nikaongeza: anang'aa.
Uongo nao ni mmea;
ukiumwagilia hutoa jani kila wiki
wala baridi haiugusi.

Huku shina limesimama ndani ya mkebe wa Kasuku
kama kiko kilichoachwa na marehemu.
Kila asubuhi natia kidole udongoni hadi fundo la pili:
mbichi, acha. Mbichi, acha.
Alhamisi pakavu; nusu kikombe,
maji yaliyolala ndani ya nyumba,
maana bomba la Molo mwezi wa Julai linauma meno.
Sikujua kwamba kungoja ni kazi ya mikono.
Yangu ilitaka kukata, kumwaga, kuhamisha.
Nikaitia mfukoni.

Wiki ya tano, au ya sita, sikuhesabu vizuri,
ubavuni mwa shina pakatokeza ncha
kama msumari uliopigiliwa kutoka ndani.
Ilichukua siku nane kujifungua.
Na jani lenyewe? Lina tundu, limejikunja upande,
ukubwa wake sikio la panya.

Nikampigia shangazi mwenyewe, haikuwa Jumapili.
Nikamwambia yote: deki, baraza, unga juu ya nyasi.
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake, na redio ya jirani yake.
"Nilijua," akasema. "Ulikuwa unausifu
jinsi watu wanavyomsifu mtu kwenye mazishi."
Halafu: "Hilo tundu, kubwa kiasi gani?"
"La kupita punje ya mtama."
"Basi litasikia."

Sasa ni saa kumi na mbili jioni.
Nimefunga dirisha, nimesokomeza gazeti kwenye ufa,
mkebe nimeusogeza mbali na kioo, shibiri mbili.
Sakafu ni chafu.
Deki nitapiga kesho, jua likishatoka.