Kipimo cha Vidole Vinne

Lugata alikuja na pikipiki juu ya mkokoteni,
yeye mwenyewe juu ya magongo mawili,
akasema: kati yetu watatu, mkokoteni ndio mzima.

Mguu wake wa kushoto ulibaki Ukerewe,
kwenye mashine ya kuchambulia pamba.
Na gia, kama ujuavyo, hukaa kushoto.
Nani aliamua? Sikuwahi kuuliza,
miaka kumi na sita nikifungua na kufunga
injini za watu hapa Pasiansi.
Swali liliingia gereji likichechemea,
likakalia tairi bovu, halikutoka.

Nikapitisha nondo chini ya tumbo la injini,
kutoka kushoto kwenda kulia,
na bawaba ya dirisha la zamani,
na nati mbili zikabane zisilegee njiani.
Breki ya nyuma nikaihamishia dole gumba.
Tulipojaribu, gia zilikuwa zimepinduka:
ya kwanza juu, nyingine zote chini.
"Ngoja nigeuze," nikasema.
"Iache," akasema Lugata. "Tangu siku ile ya pamba
kila kitu nimejifunza upya kwa kinyume."

Hapo ningeishia, ningelipwa, ningelala.
Lakini yupo ndege, mdiria,
huning'inia hewani juu ya maji ya Kirumba,
mabawa yanapiga, kichwa tuli,
halafu huanguka kama bisibisi iliyoponyoka.
Nikataka pikipiki isimame hivyo:
pua chini, mkia juu,
nukta moja kabla ya kuanguka.
Nikaikata shingo ya fremu kwa msumeno,
nikaisimamisha wima, nikachomelea,
nikapaka nyeusi na nyeupe.
Watoto wa shule walisimama getini wakasahau kengele.

Nyanzobe, mke wangu, aliizunguka mara moja.
"Nzuri," akasema. "Inatembea?"

Ilitembea. Hadi hamsini.
Kwenye sitini, barabara ya uwanja wa ndege,
usukani ukaanza kutikisa kichwa,
hapana, hapana, hapana,
kama mtoto anayekataa dawa,
na mikono yangu ikawa si yangu.
Niliketi ukingoni mwa mtaro
mpaka moyo uliporudi kunguruma taratibu.

Siku tatu nikapima vitu visivyo na kosa.
Beringi: nzima. Spoku: zimekaza. Ekseli: imenyooka.
Siku ya nne nilitumwa dagaa Mwaloni,
nikaliona toroli la wapakiaji.
Gurudumu lake la mbele, dogo, limechakaa,
ukilisukuma hujigeuza lenyewe
likafuata nyuma ya mhimili wake
kama ndama anayevutwa kamba.
Halikufundishwa njia.
Linaijua kwa sababu liko nyuma.

Nikarudi bila dagaa. Nikatafuta uzi na chaki.
Nikaunyoosha uzi kuifuata shingo mpaka sakafuni: alama.
Pale tairi linapogusa sakafu: alama.
Katikati, kidole kimoja.
Urembo wangu ulikuwa umekula vidole vitatu.

Nikakata tena. Inauma
kukata kazi uliyokwisha kuisifia.
Shingo nikailaza nyuma, kidogo, kidogo tena,
hadi vidole vinne, hivi vyangu, vyenye makovu.
Mdiria akapotea. Akawa ndege mwingine,
au pengine yule yule, aliyekwisha kushiba.

Jumamosi Lugata aliipanda.
Kwenye mteremko nikamwona kwa mbali
akiachia usukani, mikono kifuani,
na pikipiki ikashika mstari wake
kama mtu anayekwenda kwao.

Gongo moja alilisahau kwangu.
Limeegemea ukuta, karibu na mtungi wa gesi.
Kila jioni nikinawa mikono nalitazama:
kwa nini mpini wake uko pale ulipo,
na nani aliamua?