Dirisha la Elfu Thelathini na Tano

Dalali Shaame aliizunguka nyumba ya mama mara mbili,
akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama anayechagua nazi,
akasema: "Nyumba haina maradhi. Imekosa kuogeshwa tu.
Itieni chokaa, unyamazisheni mlango, jikoni ondosheni kiza.
Mnunuzi hanunui paa,
hununua pumzi ya kwanza anayovuta akiingia."

Basi mimi na Biubwa tukachanga laki mbili,
yeye za vitumbua, mimi za mshahara uliochelewa,
tukajifungia Utaani siku nne.

Siku ya kwanza chokaa.
Madebe mawili, na neeli ya kufulia kanzu tukaikoroga ndani
hadi weupe ukapata ubaridi.
Biubwa alipaka ukuta hadi mkono wake unapofika,
juu ya hapo nikapaka mimi.
Mpaka wetu unaonekana, ukijua pa kutazama.

Siku ya pili mlango.
Bawaba zilizokuwa zikimlilia kila atokaye alfajiri
tukazitia mafuta ya nazi, zikanyamaza.
Sikuupenda ukimya ule, lakini si mimi ninayenunua.
Tukabadili na bati moja, moja tu, lile la juu ya kitanda
ambalo mama alilitegea sufuria miaka sijui mingapi,
sufuria yenye tako jeusi, iliyoijua mvua kuliko redio.
Bati elfu ishirini na nane.
Misumari tuliokota ya zamani, tukainyoosha juu ya jiwe.

Siku ya tatu Fundi Mbwana akatoboa ukuta wa jikoni.
Fremu ya mvule aliipata kwenye kifusi cha skuli,
imechongwa jina la mtoto kwa ncha ya bikari: KHELEF.
Alianza saa mbili. Adhuhuri ikaadhiniwa, tundu li wazi.
Alasiri upepo ukaingia kama mgeni
aliyekaribishwa zamani, akazuiwa na wenyeji mlangoni.
Masizi ya juu ya mafiga yakaanguka vipande vipande.
Biubwa akakaa juu ya mbuzi, hana nazi ya kukuna.
"Kumbe kazi ya siku moja," alisema.
Elfu thelathini na tano. Na wali wa fundi.

Mama aliliomba dirisha lile misimu mitatu.
"Mwanangu, moshi unanipofua."
Nami: karafuu zikishauzwa, inshaallah, mama.
Karafuu zikauzwa. Nikanunua tairi za pikipiki.
Inshaallah yangu nikaitundika pale pale ukutani,
ikashika masizi pamoja na vyungu.

Siku ya nne hatukufanya kitu cha maana.
Tulisugua sakafu ya uani. Doa la karafuu halikutoka.
Tukaliacha.

Mnunuzi alikuja Jumatano, Bi Shinuna wa Kiuyu,
na mkoba wa ukindu kwapani.
Chokaa hakuitazama. Mlango hakuusikia,
na ndivyo tulivyotaka.
Akapita moja kwa moja hadi jikoni,
akaegemeza viwiko juu ya jina la Khelef,
akanyamaza muda wa chai kuchemka.
"Aliyekuwa akipika hapa," akasema, "alistareheshwa."
Dalali akanikanyaga mguu.
Nikasema: "Ndiyo, bibi."

Kisha akapunguza laki nane kwa ajili ya choo.

Usiku nikafika kwangu Wawi.
Raya yuko kwenye karo anaosha sahani,
bomba amelifunga kipande cha kanga shingoni
kama mwenye mafua,
nalo linadondoka koponi, ti, ti.
Sikumuuliza limeanza lini. Ningejibiwa.
Nikavua shati.
Nikatafuta spana.