Meza ya Alama

Watu wa Chuno wameshawapa Saruji kombe.
Kinyozi kalichora ukutani kwa chokaa,
muuza ming'oko anakuongezea fungu ukimtaja Hokororo,
na mimi, kwa kuwa nakaa meza ya alama,
nikienda dukani kununua kiberiti tu naulizwa:
"Fadina, mtoano huu wa nani?"

Nina daftari. Utabiri sina.

Saruji, michezo ishirini, wameshinda kumi na saba.
Msimamo unasema hivyo, na msimamo hausemi uongo,
husema nusu.
Hausemi kwamba Dismas Hokororo hajakaa benchi tangu Juni,
tangu mikorosho inapuliziwa salfa,
na kwamba robo ya nne mitupo yake hugonga chuma cha mbele,
kila mara chuma cha mbele,
na hayo ni maneno ya miguu, si ya mikono.
Goti halina msemaji wa klabu.

Ghala wa Tandahimba wana kimo, wana kocha anayenong'ona,
wana miezi mitatu hawajaona mshahara.
Mnada ukikwama nao hukwama.
Juzi walikuja juu ya magunia, nyuma ya lori,
wakashuka weupe kwa vumbi kama waliotoka kusaga,
wakashinda kwa pointi ishirini na mbili.
Mwenye njaa huruka juu.
Mara ngapi, sijui.

Chumvi wa Lindi wamefungwa mara tisa.
Jumlisha tofauti zote tisa: pointi ishirini na tatu.
Hao si wanyonge, hao wana mkosi wa mlangoni,
wanafika, wanabisha hodi, mwenye nyumba kalala.
Wangepata mtu mmoja wa mitupo huru
asiyejifuta jasho mara nne kabla ya kurusha!
Wana Nandonde. Nandonde anajifuta.

Wa nne ni Bandari.
Bandari waliponea tundu la sindano:
walilingana na Kasa wa Mikindani ushindi kwa ushindi,
ikaangaliwa siku walipokutana wao kwa wao,
sitini na nane kwa sitini na saba,
mwezi wa nane, taa moja ya uwanja imeungua,
kumbikumbi wamejaa juu ya karatasi yangu.

Leo usiku nimeipitia tena karatasi ile.
Bila sababu. Wengine wakikosa usingizi husali,
mimi hujumlisha.
Robo ya tatu, namba kumi na moja wa Bandari,
mtupo huru mmoja, doa moja.
Na kando yake doa la pili,
dogo, jeusi, limekaa sawasawa ndani ya mstari.
Nikalikwangua kwa ukucha.
Likabanduka.
Bawa la mdudu, limekauka,
nami nililihesabu.

Sitini na saba kwa sitini na saba.
Dakika tano za nyongeza ambazo hazikuchezwa.
Makocha wote wawili walitia sahihi, refa akatia sahihi,
ubao ulifuata mkono wangu,
na uwanja mzima ukaufuata ubao.

Vijana wa Kasa wameshatawanyika.
Mmoja nimemwona kwenye chama cha msingi akipima korosho,
viatu vya uwanjani vikiwa bado miguuni.
Alinisalimia vizuri. Alisema, "Ndiyo mchezo, dada."

Kesho saa kumi jioni filimbi italia.
Tiketi zimekwisha, mistari imepakwa rangi upya.
Katibu Mchopa anakaa Chikongola, nyumba ya bati jekundu,
na mbwa wake hanijui.
Nimelifunga daftari ndani ya kanga,
bawa nimelirudisha palepale, katikati ya kurasa,
maana nikisema tu, nani ataniamini?

Kinyozi anashusha mlango wa duka.
"Fadina! Usiku huu? Hebu tuambie basi, nani anachukua?"

"Bado," namjibu, nikipita.
"Hatujajua hata nani anacheza."