Kipandio cha Kumi na Saba

Wamenikalisha juu ya pipa mbele ya hema la bwana Amanieu,
wakanipa divai, kwa kuwa nina mvi
na kwa kuwa ngome ile kule juu niliijenga mimi.

"Mwashi," akasema, "kila nyumba ina ufa wake.
Tuonyeshe wa hii."

Nikaitazama Rocafera. Miaka kumi na minane
ya chokaa kwenye kucha zangu imesimama pale.
Minara tuliifanya mviringo, jiwe la teo likiipiga
liteleze, lisipate pembe ya kung'ata.
Matundu ya mishale, membamba kwa nje kama jicho la paka mchana,
mapana kwa ndani, mpiga upinde apate kugeuza kiwiko.
Ukuta umetanuka chini, ili kinachodondoshwa toka juu
kidunde, kiwarukie usoni walio handakini.
Na ngazi ya kuzunguka, yenye kipandio cha kumi na saba
kilichozidi wenzake kimo kwa vidole viwili tu,
ili mgeni mwenye haraka na upanga
ajikwae gizani.

Aliyejikwaa wa kwanza alikuwa binti yangu.
Azalais, miaka sita, ameniletea mkate na kitunguu.
Meno mawili yakamtoka. Niliyatia kwenye chokaa mbichi;
yamo mpaka leo, nyuma ya jiwe.
Sasa ni mke wa mwoka mikate humo ndani,
na moshi ule mwembamba nadhani ni wa tanuri lao.
Juzi ulikuwa mnene zaidi.

Ufa upo. Magharibi, chini ya jiko,
mfereji wa choo. Niliomba chuma cha kuuziba,
wakanunua kengele. Kijana mwembamba asiyejali mavi
angeupanda kwa usiku mmoja.

"Kaskazini," nikasema. "Chimbeni chini ya mnara wa kaskazini.
Tieni nguzo za mbao, mafuta ya nguruwe, kisha moto. Utaanguka."

Wakanijazia kikombe.
Wachimbaji wameanza alfajiri, wanapiga mluzi,
maana udongo wa pale ni laini kama jibini
kwa dhiraa tatu.
Halafu ni mwamba. Niliutafuta mwenyewe,
majira mawili ya baridi, kwa sururu.

Nimeketi kwenye pipa langu, nasikiliza
chuma cha kwanza kitakapolia.
Moshi wa tanuri leo umechelewa.