Bawaba

Kambere, kabla sijahesabu noti, niambie:
hii inayokunjwa hadi mgongo ukutane na mgongo,
bawaba zake ni chuma, au ni rangi tu ya chuma?
Usinijibu kwa kuifungua mara moja.
Milango mingi ya Birere hufunguka vizuri siku ya kwanza.
Ifungue mara hamsini. Nina muda.
Mvua bado iko upande wa Sake.

Na vumbi? Unalijua vumbi la Goma,
jeusi, lenye meno, linalotafuna soli za viatu.
Likiingia hapo kwenye kiungo nitalitoa na nini?
Mswaki laini, unasema.
Sawa. Hilo ni jibu la mtu mkweli.

Kalamu imo ndani ya boksi?
Inauzwa pembeni. Nilijua.
Dola arobaini kwa kijiti kisicho na wino!
Kidole changu je?
Kidole kinatosha kuonyesha, hakitoshi kuandika.

Nikiigeuza iwe kama sinia, herufi zikabaki chini
zikigusa goti langu, hazitajiandikia upuuzi?
Zinalala, unasema. Zenyewe?
Basi zina bahati. Mimi umeme ukirudi saa nane usiku
naruka kitandani kutafuta chaja.

Betri saa kumi, karatasi inasema.
Saa kumi za wapi?
“Gawa kwa mbili, kisha utoe moja.”
Nne. Haya.

Kumbukumbu ni nane. Mwakani nikitaka kumi na sita
utaifungua uniongezee?
Haiongezwi. Imechomelewa.
Ilivyozaliwa ndivyo itakavyokufa.
Hapo, Kambere, nimenyamaza kidogo.

Na mbona Q imekaa kwenye kiti cha A?
Imetoka Dubai. Vidole vyangu vilisomea kwa masista.
Stika! Unaniambia nibandike stika!

Sasa umeuliza wewe: ni ya filamu?

Kule Buhene mlima ulipita juu ya viwanja
ukaacha makoro, kimo cha mtu aliyeinua mikono.
Watu wanarudi kujenga juu yake
na hakuna anayejua ua wa nani uliishia wapi.
Mimi huchora mipaka. Nina picha moja ya kutoka angani, ya kale,
na kompyuta hii nzito ninayoigeuza nzima, kama jiwe,
ili Mwamini aone. Akiona yeye, mimi sioni.
Hajui kipanya. Anaweka kidole kwenye kioo:
“Jiko lilikuwa hapa.”
Kioo hakisikii.
Anabonyeza zaidi. Anaacha alama ya unga wa muhogo.
Juzi Sebuhinja naye akaweka kidole chake,
upana wa ukucha mmoja kushoto,
wakagombana hadi giza likaingia
juu ya kioo kisichosikia.

Nataka kinachosikia.

“Kidole chenye maji hakitasikika vizuri,” unasema,
“na juani utaona uso wako tu.”
Nashukuru. Wengine wasingeniambia.
Na wakigusa wote wawili kwa pamoja,
huyu akivuta kwake, na yule kwake?

“Picha inakuwa kubwa.”

Umelisema huku ukifuta kioo kwa shati,
hukunitazama hata.

Haya, shika. Mia, mia, mia, na hii.
Unainua noti kwenye taa, noti moja moja,
unapitisha ukucha kwenye kingo kama daktari.
Hii imechanika, unasema. Wapi?
Hapa, padogo kuliko punje ya mtama.
Mimi nimekuuliza yote yale, wewe una swali moja tu
na ndilo linalonitoa jasho.

Nirudishie. Ninayo nyingine kwenye soksi.
Wakati naitafuta, endelea kufungua na kufunga.
Ulikuwa umefika ya thelathini na tisa.