Boriti

Jiko lilifika Jumatano kwa trekta la Zulmira,
limefungwa blanketi kama mgonjwa,
kilo mia na arobaini za chuma,
na mlango wa kioo ambao mama aliukagua kwa ncha ya kidole,
akauliza: sasa moto utakuwa wa kutazamwa tu,
kama samaki wa kwenye chupa?

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Lyon na pesa zangu na haraka zangu.
Nikamwambia Belmiro, lisukume tu ndani ya meko,
bomba lichungulie dohani, tuwashe, tule.
Theluji imeshafika vilima vya mpakani.
Belmiro hakunijibu.
Alivua koti, akalala chali mekoni,
kichwa kizani, miguu sebuleni,
na kwa muda mrefu tulizungumza na viatu vyake.

"Kunguru," vilisema viatu.
Kikadondoka kiota: vijiti, uzi wa buluu, ganda la yai.
Kisha masizi, ndoo nne.
Kisha ile lami ya moshi, inayong'aa kama sukari iliyoungua,
akiibandua kwa patasi.
"Kila gogo la mwaloni mlilochoma na maji yake
limeacha deni humu."

Halafu kimya.
Halafu: "Lete tochi. Mwite na mama yako."

Nyuma ya jiwe, kando kabisa ya njia ya moshi,
ilikaa boriti ya ghorofa ya juu,
ile inayobeba kitanda nilichozaliwa,
na ncha yake ilikuwa mkaa.
Sisemi nyeusi. Mkaa, wa kupikia,
uliopasuka vijumba vijumba kama ngozi ya mamba.
Aliugusa, ukamong'onyoka bila sauti.
Nyumba ilianza kuungua mwaka usiojulikana
ikasahau kumaliza.

Mama alikaa kwenye ngazi.
"Ndiyo maana," alisema. "Ndiyo maana."

Saa nane za usiku, msimu wote wa baridi,
baba alikuwa akiamka akapapasa ukuta.
Tulimchungulia: soksi za sufi, kiganja wazi juu ya plasta,
kama anayepima homa kwenye paji la mtoto.
Mimi nilidhani anasali.
Dada yangu Celestina alidhani anaiaga nyumba,
kwamba kesho atakwenda Ufaransa kama baba za wenzetu.
Hakwenda. Alijua, na hakuwa na pesa ya fundi.

Kazi ya alasiri moja ikala siku tisa.
Boriti ikakatwa, ikalazwa juu ya jiwe jipya.
Bomba la chuma kisichoshika kutu likateremshwa kutoka paani,
Belmiro juu na kamba, mimi chini nikilipokea kama mkunga,
likavishwa sufi ya mawe, likaungwa, likakazwa,
likafunikwa kofia dhidi ya kunguru na mvua.
Rafu ya mbao ya bibi, niliyotaka ibaki palepale,
niliipimia kwa shubiri.
"Shubiri ni ya vitambaa," alisema,
akatoa futi, akaipandisha.
Akatoboa ukuta wa nje tundu la hewa:
"Moto nao unapumua. Ukiunyima, utavuta pumzi zenu."
Na juu kwenye ukuta akapachika kengele ndogo nyeupe,
kwa ajili ya ile gesi isiyo na rangi wala harufu,
isiyo hata na adabu ya kukukohoza.
Mama aliitazama. "Ndege asiye na mdomo," akasema.
Belmiro akabonyeza kitufe, na sote tukaziba masikio.

Jioni aliwasha kiberiti mbele ya mlango ulio wazi.
Mwali ukainama kuelekea ndani,
kama mgeni aliyeambiwa karibu.
Moto wa kwanza ulikuwa wa vijiti tu, na hakuruhusu zaidi.

Usiku niliamka. Saa nane.
Mama alikuwa amesimama gizani na soksi za baba,
kiganja ukutani.
"Vipi?"
"Baridi," alisema,
wala hakuuondoa mkono.