Mshika Mbili

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, Ghislaine Ouellet
huiua Montreal.
Hunywa kahawa, husubiri saa nne itimie,
kisha hubonyeza: kanda nzima, seva zote, giza.
Halafu hutega sikio kama Calgary itaitika.

Mara ya kwanza haikuitika.
Nywila ilihifadhiwa mahali pamoja tu,
na mahali penyewe ndipo alipopazima.
Alicheka, akaandika kosa, akarudia mwezi uliofuata.

Réjean wa fedha alimletea hesabu:
"Nani hukodi nyumba mbili akalala katika moja?"
Angekuwa na lugha yetu angeongeza,
mshika mbili, moja humponyoka.
Naye angemjibu: ndiyo sababu
nikashika mbili.

Januari ikaja mvua inayoganda kila inapogusa.
Nyaya zikanenepa kama mikono ya watoto,
nguzo zikapiga magoti kando ya barabara.
Jenereta ya kwanza ikakohoa. Ya pili haikukohoa hata.
Saa tisa na dakika kumi na moja usiku Montreal ikafa
bila Ghislaine kuigusa.

Na magari ya wagonjwa yakaendelea kuitwa.
Huko Trois-Rivières, Yannick mpokea simu
aliona skrini ikisita, kama mtu aliyesahau neno,
kisha ikaendelea. Akadhani ni macho yake.
Mbali magharibi, Calgary ilikwisha jitwika mzigo
bila kuuliza ni wa nani.

Ningekomea hapa mngepiga makofi.
Lakini nakala haisafiri kwa kasi ya nia njema.
Kati ya kanda na kanda palikuwa na sekunde nne,
neno limeandikwa huku, kule halijafika,
na ndani ya hizo nne mlikuwa na anwani moja:
ghorofa ya tatu, bibi wa miaka themanini na mmoja, kifua.

Ghislaine aliikuta kwenye daftari la Yannick,
kwa penseli,
maana ni yeye aliyewalazimisha penseli.
Walimcheka sana siku ile:
mhandisi wa mawingu, anagawa penseli!

Gari lilifika. Bibi akafoka
kwamba wamechelewa dakika sita
na viatu vyao vinamwaga theluji zuliani.

Jumanne ya kwanza ya Februari alikuja na kahawa yake.
Montreal ilikuwa na wiki moja tu tangu ifufuke.
Réjean alisimama mlangoni, akakitazama kile kidole.
"Leo pia?"
"Leo," akasema, "zamu ya Calgary."